Msako Katika Mabonde ya Nyandarua na Kirinyaga, 1953–1956

Wenzangu katika kijitabu hiki cha jubilei wamekwisha kuandika habari za makanisa yalivyojengwa, na shule za kwanza, na walimu walioleta kitabu na kalamu. Kazi niliyopewa mimi ni nyingine. Nimeombwa niandike habari za miaka ile ambayo mlima ulio nyuma ya mashamba ulifungwa kama mlango, majeshi yakapanda kuwatafuta watu na silaha zilizofichwa, na nyumba nyingi zikagawanyika, ndugu mmoja akiwa msituni na mwingine akishika mkuki mlangoni pa boma la serikali. Walimu huniambia ya kuwa watoto hujua majina mawili matatu, Kenyatta, Kimathi, China, wala hawajui mambo yenyewe yalivyotendeka. Basi nitajaribu kuyaeleza kwa taratibu, nikikaa zaidi juu ya msako, maana habari za siasa zimeandikwa na wengi.

Kwanza yatupasa kuijua nchi yenyewe, kwa sababu katika vita ile nchi ilipigana kama mtu. Upande wa magharibi wa Nyeri na Murang'a yako milima ya Nyandarua, ambayo Waingereza waliiita Aberdare. Kilele chake cha Satima kina urefu wa meta 4,000 kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki uko Mlima Kenya, ndio Kirinyaga, meta 5,199. Nyeri iko katikati ya milima hii miwili. Mtu akitoka shambani kwake akipanda, hukuta kwanza msitu wa miti mikubwa. Kisha huingia katika mianzi, nayo imesongamana hata mtu hamwoni mwenzake aliye hatua chache mbele. Akizidi kupanda hutokea katika nyika ya juu, mahali pa baridi na ukungu na majani marefu yaliyolowa. Katika Nyandarua mito ya Chania, Gura na Mathioya hushuka kwa nguvu, na kila mto umejichimbia bonde lake, na kati ya bonde na bonde uko mgongo wa mlima. Watu wawili waweza kuitana kwa sauti kutoka mgongo mmoja hata wa pili, na bado itawachukua saa nyingi kukutana. Jemadari aliyezoea kupigana katika nchi tambarare angeangalia ramani yake na kusema, ni maili mbili tu. Askari wake wangemwambia kweli jioni.

Sababu za vita zilikuwa nyingi, na iliyo kubwa ilikuwa ardhi. Mashamba yalikuwa yamechukuliwa na walowezi, watu wengi wakabaki vibarua au wapangaji wasio na haki, na waliorudi kutoka vita vya pili vya dunia, wengine wakiwa wamepigana Burma, hawakuona malipo ya jasho lao. Viapo vya siri vikaenea. Tarehe 7 Oktoba 1952 Chifu Mkuu Waruhiu aliuawa kwa risasi, na tarehe 20 ya mwezi ule ule Gavana Sir Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari. Usiku ule Jomo Kenyatta na viongozi wengine wengi walikamatwa, na kikosi cha Lancashire Fusiliers kikaletwa kwa ndege kutoka Misri. Serikali ilidhani ya kuwa viongozi wakikamatwa jambo limekwisha. Kinyume chake, vijana kwa maelfu wakapanda msituni.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 yalitokea mambo mawili. Huko Lari watu wengi, wanawake na watoto pia, waliuawa na nyumba zao kuteketezwa, na kisasi kilichofuata kiliua wengine wengi. Na huko Naivasha wapiganaji walivamia kituo cha polisi, wakawafungua wafungwa na kuchukua bunduki na risasi. La Lari liliwatisha watu wote. La Naivasha ndilo lililowasumbua zaidi wakuu wa jeshi, kwa kuwa tangu siku ile hesabu ya bunduki zilizomo msituni ilikuwa jambo la kila mkutano wao.

Kwa kweli bunduki za kiwandani msituni zilikuwa chache. Wapiganaji wengi walikuwa na panga, sime, au mkuki. Mafundi wao walitengeneza bunduki kwa mikono: kipande cha bomba la maji kuwa mtutu, mti kuwa kitako, kitasa cha mlango kuwa kifungio, na mpira wa gurudumu kuwa kamba ya kuvuta kipiga risasi. Bunduki hizo zilikuwa hatari kwa adui, na pengine zilikuwa hatari zaidi kwa mwenyewe, maana nyingine zilipasuka usoni. Risasi zilitoka Nairobi, zikaibwa au kununuliwa moja moja, zikasafirishwa ndani ya vikapu vya maharagwe na migongoni mwa wanawake. Mpiganaji aliyekuwa na risasi tano alihesabiwa kuwa tajiri. Silaha zilifichwa katika mashina ya miti yenye uwazi, katika mapango nyuma ya maporomoko ya maji, chini ya sakafu za nyumba, na katika mashamba ya migomba.

Kwa ajili hiyo serikali ilitunga sheria kali, na mwalimu anayefundisha habari hizi asiipite sheria hii upesi. Kuanzia mwaka wa 1953 kukutwa na bunduki au risasi bila ruhusa kulikuwa kosa la kunyongwa. Waruhiu Itote, aliyeitwa General China, mtu aliyekuwa askari wa King's African Rifles huko Burma, alipojeruhiwa na kukamatwa Januari 1954, alihukumiwa kufa, na kosa mojawapo lilikuwa kukutwa na risasi. Yeye aliokoka, kwa kuwa serikali ilitaka azungumze na wenzake msituni juu ya kujisalimisha. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Katika watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau, 346 walihukumiwa kwa kuua. 472 walihukumiwa kwa kukutwa na silaha au risasi. 210 kwa kufuatana na watu wenye silaha. Na 62 kwa kulisha viapo. Tazameni hesabu hiyo vizuri: waliokufa kwa ajili ya silaha iliyoonekana mkononi au nyumbani walizidi waliokufa kwa ajili ya mtu aliyeuawa.

Katika Juni 1953 alifika Jemadari Sir George Erskine kuwa mkuu wa majeshi yote. Chini yake walikuwako askari wa Kiingereza, na King's African Rifles, ndio KAR, waliotoka Kenya, Uganda na Tanganyika, na Kenya Regiment ya vijana wa walowezi, na polisi, na askari wa kabila, na Home Guard, waliokuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru wenyewe. Watu waliwaita ngati. Juu yao zilikuwa ndege: Harvard ndogo, na tangu Novemba 1953 ndege kubwa za Lincoln za kuangusha mabomu. Kwa hiyo msako wa milima ile ulikuwa kazi ya pamoja ya watu wa nchi nyingi. Amri katika KAR zilitolewa kwa Kiswahili, hivyo lugha hii tunayoisoma ilisikika katika mianzi ya Nyandarua midomoni mwa Mnandi, Mkamba, Mwacholi na Mnyamwezi. Kati ya askari wa kikosi cha Uganda alikuwako mmoja aliyekuja kujulikana duniani kwa mambo mengine, Idi Amin.

Misitu yote miwili ilitangazwa kuwa mahali palipokatazwa. Aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Katika mashamba yaliyo karibu, askari aliweza kumpiga risasi mtu asiyesimama alipoitwa. Ni rahisi kuona shida ilipo: mzee kiziwi husimamaje akiitwa?

Ubaya wa amri za namna hiyo ulionekana upesi, tena si kwa adui. Katikati ya Juni 1953, huko Chuka, mashariki ya Mlima Kenya, kompania moja ya KAR ilitumwa msituni kuwasaka wapiganaji. Kwa siku mbili tu iliua watu wapatao ishirini ambao hawakuwa wapiganaji, na baadhi yao walikuwa Home Guard, yaani watu wa serikali yenyewe. Jemadari Erskine aliandikia maofisa wote kuwaonya ya kuwa hatavumilia kuwapiga na kuwatesa watu. Kapteni mmoja wa kompania ile alishtakiwa kwa kuua, akaachiliwa. Akashtakiwa mara ya pili, na Machi 1954 akafungwa miaka mitano kwa kuwatesa mateka. Katika kesi zake ilisikika barazani ya kuwa askari waliahidiwa shilingi tano kwa kila mtu waliyemuua. Nimewasikia watu wakisema ya kuwa haifai kuandika mambo hayo katika kitabu cha sherehe. Mimi naona jubilei ni wakati wa kuhesabu miaka yote, na miaka ile imo.

Sasa nieleze jinsi msako ulivyobadilika. Mwanzoni askari waliingia msituni kutoka chini, wakipanda. Kelele za viatu na matawi yaliyovunjika zilitangulia mbele yao, na harufu ya sabuni na sigara ilipanda pamoja na upepo. Watu wa msituni, ambao hawakuoga kwa sabuni miezi mingi, waliinusa mbali. Walitembea katika njia za ndovu, wakifuta nyayo zao, pengine wakitembea kinyumenyume ili nyayo zielekee kusikokwenda mtu. Walipika kabla ya mapambazuko ili moshi usionekane. Mabomu ya ndege yaliangusha miti na kuua wanyama. Ndovu, nyati na vifaru waliojeruhiwa wakawa wakali, wakashambulia kila aliyepita, awe wa serikali au wa msituni.

Karari Njama, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuingia Nyandarua na kuwa mwandishi wa Kimathi, alieleza maisha hayo kwa urefu katika kitabu alichokitoa pamoja na Donald Barnett mwaka wa 1966. Walimu wetu wangefanya vema kukisoma, maana ni habari ya mwalimu mwenzao. Msituni kulikuwa na daftari, barua, vyeo na mikutano. Agosti 1953 viongozi walikutana penye mto Mwathe, na Dedan Kimathi akachaguliwa kuwa mkuu wa baraza lao. Kimathi naye alikuwa amesoma shule ya misheni ya Tumutumu. Jambo hili huwashangaza wengine, lakini kwangu si ajabu: shule zilifundisha kusoma, na mtu asomaye huuliza.

Erskine akaona ya kuwa mti haufi kwa kukatwa majani, akaamua kukata mizizi. Tarehe 24 Aprili 1954 askari na polisi wengi sana waliuzunguka mji wa Nairobi. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, na zaidi ya 20,000 wakapelekwa kambini. Njia ya fedha, dawa na risasi iliyotoka mjini kwenda mlimani ikakatika. Tangu Juni 1954 watu wa mashambani walihamishwa kwa nguvu kutoka katika nyumba zao zilizotawanyika juu ya migongo ya milima, wakakusanywa katika vijiji vyenye ua na minara ya walinzi. Mwisho wa mwaka wa 1955 zaidi ya watu 1,000,000 walikuwa wamewekwa katika vijiji 854. Ukingoni mwa msitu nyumba zilivunjwa na mimea kufyekwa kwa upana wa maili moja, na handaki refu la maili 50 likachimbwa, likajazwa miti iliyochongwa ncha. Waliochimba wengi walikuwa wanawake, kwa kazi ya kulazimishwa, na watoto wachanga migongoni. Chakula cha msituni kilikatika. Lakini na vijijini pia njaa iliingia, kwa kuwa mwanamke aliyeshinda handakini hakulima. Watoto na wazee wengi walikufa, na habari zao hazimo katika hesabu za jeshi.

Hapo ndipo ulipokuja msako mkubwa kuliko yote, ulioitwa Hammer, yaani Nyundo. Ulifanyika hasa katika Januari 1955, huko Nyandarua. Safari hii askari hawakuanza chini. Wahandisi wa jeshi walikuwa wamekata barabara za magari kupenya msituni, na vikosi vya Waingereza na KAR vikapandishwa kwanza hata nyika ya juu. Huko juu wakatembea kwa mstari katika baridi na mvua, wakipekua. Kisha wakageuka, wakashuka polepole kupitia mianzi na msitu, bonde kwa bonde, wakikusudia kuwasukuma wapiganaji kwenda chini, ambako polisi na Home Guard walikuwa wakingoja ukingoni. Ilikuwa kama wavuvi wanavyokokota wavu kutoka maji mengi kuja ufukoni.

Lakini wavu ule ulikuwa na matundu mapana. Mstari wa askari ukiingia katika mianzi hauwezi kubaki mstari. Mmoja hukwama, mwingine huteremka korongoni, wa tatu huzunguka mwamba, na mtu mwepesi anayeijua njia ya ndovu hupita katikati yao usiku bila kuvunja kijiti. Vikundi vya msituni vikagawanyika vidogo vidogo, vikarudi nyuma ya mstari, vikalala mahali palipokwisha kupekuliwa. Kwa hesabu ya jeshi lenyewe, waliouawa, waliokamatwa na waliojisalimisha katika Nyundo walikuwa 161. Kwa jeshi kubwa namna ile, na kwa majuma yote yale, hesabu hiyo ni ndogo sana. Msako wa pili, ulioitwa First Flute, ulifuata Mlima Kenya tangu Februari hata Aprili. Huko kila kikosi kilipewa sehemu yake ya msitu kukaa na kuijua, na hesabu ikawa 277. Ilikuwa zaidi, lakini hata hiyo haikumaliza vita.

Hata hivyo nisiseme ya kuwa Nyundo haikuvunja kitu. Akiba za chakula zilipatikana na kuchomwa. Maficho yaliyojengwa kwa miezi mingi yaliachwa. Vikundi vilivyotengana havikuweza tena kupelekeana barua, na viongozi waliokuwa wakigombana, Kimathi na Stanley Mathenge, wakazidi kutengana. Mathenge alitoweka baadaye, watu wakasema alikwenda Ethiopia kwa miguu. Hata mwaka wa 2003 mzee mmoja aliletwa Nairobi kutoka huko kwa heshima nyingi, kisha ikaonekana kwa uchunguzi wa damu ya kuwa siye.

Wakati ule ule wa Nyundo, tarehe 18 Januari 1955, Gavana Baring alitangaza huko Nyeri ya kuwa watakaojisalimisha hawatanyongwa kwa makosa ya nyuma, na ya kuwa Home Guard nao hawatashtakiwa kwa yale waliyotenda. Ndege ziliangusha karatasi, nyingine zikapita juu ya msitu zikipaza sauti kwa vipaza sauti. Walotoka walikuwa baadhi tu. Wengi hawakuamini, nao walikuwa na sababu: Aprili ya mwaka uliotangulia, mazungumzo yaliyoanzishwa kwa njia ya General China yalipokuwa yakiendelea, wapiganaji waliokuwa wamekusanyika walishambuliwa na askari, na mazungumzo yakafa siku ile.

Msamaha wa Home Guard uliwaudhi watu wa makanisa. Katika mwezi huo huo Mchungaji David Steel wa kanisa la St Andrew's, Nairobi, alihubiri waziwazi juu ya maovu yaliyotendwa kwa jina la serikali, na chama cha misheni cha CMS kikatoa huko London kijitabu cha kuitaka Uingereza itende jambo. Walikuwako pia waumini wengi, hasa watu wa uamsho, waliokataa kiapo cha msituni na kukataa vilevile kuchukua bunduki ya serikali. Hao walichukiwa na pande zote mbili, na wengine waliuawa. Majina yao hayakuandikwa juu ya nguzo yoyote ya serikali.

Mwezi wa Mei 1955 Erskine alimpisha Jemadari Sir Gerald Lathbury, na njia ya msako ikabadilika tena. Misako ya vikosi vikubwa ilipungua. Badala yake mambo mawili yakatendeka, moja kwa watu wengi sana na moja kwa watu wachache sana.

La kwanza ni msako wa raia. Katika mwaka wa 1955 maelfu ya watu wa vijijini, wengi wao wanawake, walitolewa kwa amri na kupangwa ukingoni mwa msitu wakiwa na mapanga. Walisimama bega kwa bega, wakafyeka kichaka hatua kwa hatua, polisi na Home Guard wakiwa kati yao. Panya asingepita. Walipomkuta mtu wa msituni, mara nyingi alikatwa papo hapo. Wasomaji, fikirini jambo hili. Mwanamke aliyekuwa kwenye mstari ule huenda mwaka mmoja nyuma alimpelekea chakula mtu yule yule usiku. Huenda alikuwa mwanawe, au mume wa dada yake. Alikuwa amechoka, ana njaa, amefungiwa kijijini, naye aliambiwa ya kuwa mlima ukiisha kusafishwa atarudi shambani kwake. Wanaotaka kuhukumu wangoje kwanza. Kina nyanya wengi hawakusimulia siku zile hata kwa wajukuu, wala kimya chao kisidhaniwe kuwa hawakujua la kusema.

La pili ni hila ya vikundi vya uongo. Wapiganaji waliokamatwa waligeuzwa, wakarudishwa msituni pamoja na maofisa vijana wa polisi na Kenya Regiment waliojipaka rangi na kuvaa nguo zilizochakaa. Walijua ishara, nyimbo, na mahali pa kuachia barua. Walifika penye moto wa wenzao kama ndugu. Kilichoshindikana kwa vikosi vizima vyenye ndege kilifanywa na watu kumi wenye uso wa rafiki. Ofisa Ian Henderson alikuwa mkuu katika kazi hiyo, na katika mwaka wa 1956 alimfuata Kimathi mwenyewe, mwezi kwa mwezi, kutoka maficho hata maficho.

Tarehe 21 Oktoba 1956, alfajiri, Kimathi alitokea ukingoni mwa msitu upande wa Tetu, akiwa peke yake, ana njaa, amevaa ngozi ya chui. Askari wa akiba wa kabila lake mwenyewe alimpiga risasi mguuni, akakamatwa. Alikutwa na bastola na risasi. Alihukumiwa huko Nyeri mwezi wa Novemba mbele ya Jaji Mkuu. Serikali iliyomwita mkuu wa wauaji haikumshtaki kwa kuua. Shtaka lilikuwa kukutwa na bastola na risasi bila ruhusa, ile sheria ya mwaka wa 1953. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa mahali pasipotiwa alama. Miaka 50 kamili baadaye, tarehe 18 Februari 2007, sanamu yake ilizinduliwa katika barabara ya Nairobi yenye jina lake. Sanamu hiyo imeshika bunduki.

Kwa hesabu ya serikali wapiganaji 11,503 waliuawa katika miaka ya hali ya hatari. Raia wa Kiafrika waliouawa na Mau Mau walihesabiwa kuwa 1,819, Wahindi 26, Wazungu 32. Waliokufa vijijini na kambini kwa njaa, maradhi na vipigo hawakuhesabiwa hivyo. Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960. Amri ya kukataza Mau Mau iliyowekwa mwaka wa 1950 ilibaki katika sheria, hata chini ya bendera ya Kenya huru, mpaka mwaka wa 2003. Na katika Juni 2013, baada ya wazee wachache kwenda mahakamani London, na baada ya mafaili yaliyofichwa miaka mingi kupatikana Uingereza, serikali ya Uingereza ilisema inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Limebaki jambo moja la msituni. Si wote waliotoka au kukamatwa. Juu ya Mlima Kenya, upande wa Meru, walibaki wapiganaji wakiongozwa na Musa Mwariama na Baimungi, na msako wote niliousimulia haukuwapata. Desemba 1963, uhuru ulipofika, ndipo waliposhuka. Nywele zao zilikuwa ndefu zimesokotwa, nguo zao za ngozi. Wengi walifika uwanja wa Ruring'u, Nyeri, wakaweka chini mbele ya serikali mpya zile silaha zilizotafutwa kwa ndege na kwa mapanga ya wanawake: bunduki chache za kiwandani, na nyingi za mabomba ya maji. Walitazamia mashamba. Walipoambiwa ya kuwa mashamba hayatatolewa bure, Baimungi na wenzake baadhi walirudi msituni. Askari wakatumwa kuwasaka katika mabonde yale yale, sasa chini ya bendera ya Kenya, na mwanzoni mwa mwaka wa 1965 Baimungi akauawa.